Tundu Ndilo Linalofanya Kazi: Kuchagua na Kutumia Chekeche la Unga

Unga mweupe wa ngano ulio ndani ya pakiti ya kilo 2 ulishachekechwa mara nyingi kabla haujafika jikoni. Kiwandani ngano hupasuliwa na kusagwa kati ya rola za chuma zinazozunguka, na kila baada ya kusagwa hupitishwa kwenye machekeche yaliyopangwa moja juu ya jingine ndani ya kabati linalotikiswa na mashine. Kilicholainika hushuka. Chenga hurudi kusagwa, makapi hutengwa. Kanuni za Marekani zinataka angalau asilimia 98 ya unga mweupe upite kwenye tundu la milimita 0.212. Chekeche la kawaida la jikoni lina tundu la milimita 0.8 hadi 1, ambalo ni pana mara nne kuliko karibu kila punje ya unga utakaomwaga humo.

Kwa hiyo chekeche la nyumbani halilainishi unga wa ngano. Wengi hununua chekeche kwa umbo lake, ama kwa kuwa lina mpini wa kuzungusha, kisha wanashangaa mbona keki bado ina madoa au vileja bado vinakwaruza meno. Kinachofanya kazi ni tundu, na kila kazi ya unga ina tundu lake.

Kazi zenyewe si nyingi. Chekeche huvunja madonge. Huzuia kisichotakiwa kuingia, kama uzi wa gunia, kipande cha karatasi ya pakiti, mdudu, ganda la iliki. Huutawanya unga ili ushuke kama vumbi badala ya kuanguka kama furushi, na hapo ndipo keki za mayai zinapookoka au kuharibika. Na huongeza ujazo wa unga bila kuongeza uzito wake, jambo linalowavurugia vipimo watu wanaopima kwa kikombe.

Uteo, kifumbu na chekeche

Jikoni za Mombasa zilikuwa na vyombo vya kutenganisha vitu tangu kabla ya wavu wa chuma, na kila kimoja hutenganisha kwa njia yake. Uteo hutenganisha kwa uzito: ukipepeta mchele, kapi jepesi hupeperuka na upepo, punje nzito hurudi chomboni, na kijiwe kilicho kizito zaidi hubaki nyuma. Kifumbu hutenganisha kwa kukamuliwa, tui likatoka na machicha yakabaki. Chekeche hutenganisha kwa ukubwa pekee. Halijui kizito wala chepesi.

Ndiyo maana chekeche haliwezi kutoa kijiwe chenye ukubwa wa punje ya mchele ndani ya mchele. Hiyo ni kazi ya uteo. Na uteo nao hauwezi kuvunja donge la unga wa dengu. Ukiona chombo kinakushinda, kwanza jiulize kama unachotaka kukitoa kinatofautiana na unga kwa ukubwa ama kwa uzito.

Madonge yanatoka wapi

Madonge ni ya aina mbili na hayatendewi sawa. La kwanza ni la kukandamizwa. Pakiti zimepangwa katika robota, robota juu ya robota ghalani, na unga wa chini umebanwa wiki kadhaa. Donge hili hupondeka kwa vidole viwili likarudi kuwa unga. Halina tatizo lolote, chekeche litalivunja lenyewe.

La pili ni la maji. Unga wa ngano hutoka kiwandani ukiwa na unyevu wa karibu asilimia 13 au 14, na hewa ya pwani imejaa mvuke wa bahari karibu mwaka mzima. Pakiti iliyofunguliwa ikaachwa mdomo wazi hunywa unyevu huo, hasa wakati wa masika, na punje za pembeni hushikana. Donge hili ni gumu, ukilibana linavunjika vipande badala ya kuwa vumbi. Usilisukume kwa kijiko likapita. Litupe. Na ukiona ndani yake kuna rangi ya kijani au kijivu, au unga unanuka uvundo, tupa pakiti nzima: ukungu ukionekana mahali pamoja, nyuzi zake zimeshaenea pengine usipopaona. Kwa unga wa mahindi hili ni zito zaidi, kwani aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu, haina umbo la kukamatwa na wavu. Hakuna chekeche linaloiondoa.

Kwa nini donge dogo likiachwa haliyeyuki lenyewe kwenye rojo? Maji yakilifikia, ngozi yake ya nje hulowa na kunata mara moja, ikawa kama ala inayozuia maji yasiingie ndani. Unaweza kupiga rojo la kaimati kwa mkono mpaka ukachoka, na bado ukikata kaimati iliyoiva ukakuta kijidoa cheupe cha unga mkavu katikati. Unga wa dengu wa bhajia ndio mbaya zaidi, maana hujishika hata ukiwa mkavu. Uchekeche kwanza, kisha tia maji kidogo upate uji mzito wa kusugulika, ndipo uongeze maji yaliyobaki. Ukimwaga maji yote kwa pamoja, madonge yataogelea tu.

Kulisoma tundu

Machekeche mengine huandikwa namba ya meshi, ambayo ni hesabu ya matundu katika inchi moja. Namba ikipanda, tundu linapungua. Mengi yanayouzwa hayaandikwi chochote, lakini huhitaji maandishi. Chukua rula, ilaze juu ya wavu, uhesabu matundu yaliyo ndani ya sentimita 1. Kama ni madogo mno kuhesabika kwa macho, piga picha kwa simu uikuze.

Matundu 5 kwa sentimita maana yake tundu lina kama milimita 1.5. Hilo ni la unga wa mahindi wa kusagisha, wa ata (ngano nzima) wenye makapi, na la kutoa takataka kubwa. Matundu 8 (meshi 20) ni tundu la milimita 0.85 hivi, na ndilo chekeche la kila siku: ngano nyeupe, mahamri, chapati, keki nyingi. Matundu 12 (meshi 30) yanakupa milimita 0.6, nalo lafaa kakao, unga wa dengu, sukari ya unga na bekingi soda. Matundu 16 (meshi 40) ni milimita 0.4, la unga wa mchele wa vileja na viungo vya kusaga. Ukienda matundu 24, robo ya milimita, unga wa ngano bado utapita lakini polepole mno, na katika unyevu wetu wavu utaziba kila dakika. Hilo waachie wenye kazi maalum.

Hesabu hiyo ni ya makadirio kwa sababu unene wa waya nao unakula nafasi. Wavu wa waya mnene na wavu wa waya mwembamba vinaweza kuwa na meshi sawa na matundu tofauti. Kwa nyumba inayooka mara kwa mara, ushauri wetu ni machekeche mawili: la matundu 8 lenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, na dogo la matundu 14 au 16. Moja peke yake litakulazimisha kukosea upande mmoja. Matatu ni ya anayeuza.

Sukari ya kawaida ya Kenya ina punje kubwa, nyingi hukaribia milimita 1. Ukiitia pamoja na unga katika chekeche la 0.6, itabaki juu, na mtu mwenye haraka ataikung'utia kwenye jaa akidhani ni taka. Chumvi ya mawe nayo hivyo hivyo. Kilichobaki juu ya wavu kitazame kabla ya kukitupa.

Maumbo

Chekeche la duara, lenye ukingo wa mbao, bati ama chuma na wavu ulionyooshwa chini kama ngozi ya ngoma, ndilo lenye kasi kuliko yote. Eneo lake lote hufanya kazi kwa wakati mmoja, kilo 1 ya unga inapita kwa muda mfupi, na ukitaka unaweza kupitisha kibapa cha plastiki juu ya wavu kuponda madonge laini. Udhaifu wake ni kwamba unahitaji sinia pana chini na mikono miwili. Ukingo wa mbao hunywa unyevu. Kwenye jikoni isiyo na hewa unaota ukungu kwenye kiungo cha mbao na wavu. Kwa Mombasa chukua wa chuma.

La bakuli lenye mpini, ambalo upande wa pili lina ndoano ya kukaa kwenye ukingo wa sufuria, ndilo la matumizi mengi. Linachekecha unga, linachuja tui na chai, linatoa povu. Hapo ndipo hatari ilipo: lililochujia tui lina mafuta kwenye nyaya, na mafuta yakikutana na unga yanafanya utando usiotoka. Kama unaweza, la unga libaki la unga.

La kikombe, lenye mpini wa kuzungusha au kifyatuo cha kubana, linapendeza kwa kunyunyizia kiasi kidogo. Ndani yake mna waya au kibapa kinachozunguka juu ya wavu, na mengine yana nyavu mbili au tatu moja juu ya nyingine. Kwa pwani hatulipendekezi kwa anayeoka sana. Halifunguki likasafishika, unga hubaki kwenye ekseli na kati ya nyavu, hunywa unyevu, huwa gundi, na wadudu hupata makao. Springi ya kifyatuo hushika kutu. Kibapa chake pia husukuma chochote kilichomo mpaka kipite, hata donge gumu ambalo lilistahili kubaki juu. Ukiwa nalo tayari, litumie kwa sukari ya unga na kakao, halafu lipigepige mpaka liwe tupu kabisa.

Chujio dogo la chai si la kudharauliwa. Kwa kunyunyiza sukari ya unga juu ya keki iliyopoa hakuna kinacholishinda, ilimradi halijawahi kuguswa na majani ya chai.

Dukani

Liinue chekeche kwenye mwanga wa mlango utazame kupitia wavu. Matundu yawe sawa kote. Mahali palipopauka kuliko pengine nyaya zimesogeana, na hapo donge litapita. Pitisha ukucha juu ya wavu kwa kubana kidogo: nyaya zikihama, wavu haukusukwa kwa nguvu na hautamaliza miezi. Kwa chekeche la duara bonyeza katikati kwa kidole gumba. Wavu unatakiwa ukurudishe, usibonyee ukabaki na shimo.

Kisha angalia ukingo. Mzuri umekunjwa ukaufungia wavu ndani bila kuacha mfereji. Ukiona ufa kati ya wavu na ukingo, jua hapo ndipo unga utakapojificha kila siku, na hakuna brashi itakayoufikia. Pitisha kidole kwa uangalifu kuzunguka ukingo wote, waya unaochoma leo ndio utakaokatika kesho ukaingia kwenye unga. Mpini uwe umeunganishwa sehemu mbili, si doa moja la kuchomelea.

Kuhusu chuma, chumvi ya hewani hapa haina huruma. Bati lililopakwa zinki huanza vizuri, kisha rangi nyeupe ya unga unga hutokea kwenye viungo na baadaye kutu. Chuma cha pua cha daraja la 304 hudumu. Watu hupenda kujaribu kwa sumaku, na jaribio hilo lina maana nusu tu: 304 haishikwi na sumaku ikiwa bamba, lakini ikishavutwa kuwa waya mwembamba hushikwa kidogo. Sumaku ikinata kwa nguvu kwenye ukingo, ukingo huo si 304, ingawa unaweza bado kuwa chuma cha pua cha daraja la chini. Plastiki yenye wavu wa nailoni haioni kutu kamwe na bei yake ni nafuu. Usiiweke karibu na jiko tu, wala usiisugue kwa kibapa cha chuma.

Kuchekecha kwenyewe

Zima feni. Panga za feni ya dari zikizunguka juu yako, robo kijiko cha kakao kinaishia ukutani, na unga wa mchele ndio haurudi kabisa.

Tandaza sinia pana au karatasi kubwa safi. Jaza chekeche lisizidi theluthi; la sentimita 20 lipokee gramu 250 kwa mara moja. Ukilijaza pomoni, uzito wa juu unaukandamiza unga wa chini na kuziba matundu, nawe utaanza kulipiga kwa hasira ukapinda ukingo. Lishike sentimita 15 hivi juu ya sinia. Hakuna faida ya kwenda juu zaidi, ila vumbi. Kisha lipige ubavuni kwa kiganja cha mkono wa pili, polepole na kwa mfululizo. La duara lizungushe kama unavyozungusha uteo. Kulitikisa juu chini kunarusha unga nje na hakusaidii kupita.

Usilisugue kwa kijiko cha chuma. Kijiko kinapanua matundu katikati, na kinalazimisha vitu vigumu kupita. Mwisho wa kila raundi tazama kilichobaki: kilicho laini kiponde kwa kidole, kigumu kitupe.

Swali la mara ngapi lina jibu fupi. Mara moja inatosha karibu kila kitu. Wanaochekecha mara tatu wakitafuta hewa wanajichosha bure, maana hewa iliyo kati ya punje za unga hutoka karibu yote mara unga unapochanganywa na maji au siagi. Keki huumuka kwa hewa iliyofungwa ndani ya mayai yaliyopigwa au siagi iliyosuguliwa na sukari, na kwa gesi ya bekingi pauda. Faida ya kurudia ni moja, kuchanganya vitu vikavu, na hata hapo chekeche si mchanganyaji hodari: ukilimwagia unga, kakao na soda kwa tabaka, vitashuka kwa tabaka. Koroga kwanza kwa mchapo (waya wa kupigia mayai), chekecha, koroga tena.

Kwa bekingi soda uvivu hausameheki. Katika hewa yetu hushikana haraka ndani ya kikopo chake, na kipande chenye ukubwa wa punje ya mchele kikiingia kwenye keki kinaacha doa la kahawia lenye ladha chungu kama sabuni, na pengine shimo refu juu yake ambako gesi ilipita. Ipitishe peke yake kwenye chekeche dogo kabla haijagusa unga.

Kila pishi na haja yake

Mkate wa mayai ndio mtihani wa chekeche. Chukua kipimo cha mayai 8, sukari gramu 250, unga gramu 250 na iliki: hakuna bekingi pauda, kila kitu kinategemea povu. Mayai na sukari yakishapigwa mpaka mchirizi unaodondoka kutoka kwenye mchapo unakaa juu sekunde chache kabla ya kuzama, unga ukitiwa kama furushi utazama moja kwa moja hadi chini, na utahitaji kuukoroga mara nyingi kuupata. Kila mkorogo unapasua mapovu. Ukichekechwa moja kwa moja juu ya povu, kwa mafungu matatu, unatua kama vumbi, na mikunjo michache ya mwiko kutoka chini kuja juu inatosha kila fungu. Mkate ulioiva ukawa na tabaka gumu kama mpira chini ni unga uliozama. Hapa chekecheni kwanza kwenye sinia, kisha mara ya pili juu ya povu. Ni mojawapo ya pishi chache ambapo mara mbili ni haki.

Iliki yenyewe ni sehemu ya hadithi. Ukinunua nzima Marikiti ukaisaga na ganda, pitisha kwenye tundu la 0.4; nyuzi za ganda zitabaki juu, na hizo zinafaa kwenye birika la chai. Mdalasini wa kusaga nyumbani pia.

Mahamri na chapati ni wavumilivu. Unga unakandwa dakika kumi na zaidi, donge la kukandamizwa halina pa kujificha. Chekecha mara moja kwa tundu la 0.85, kwa ajili ya takataka tu.

Ata ni shauri jingine. Makapi yake ni mapana kuliko punje za unga, na chekeche la 0.85 litayazuia mengi. Ukiyatupa, umenunua ata ukala ngano nyeupe. Tumia tundu la milimita 1.5, au chekecha kwa dogo, kagua yaliyobaki, kisha rudisha makapi yote kwenye bakuli.

Vileja vinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa hapa chekeche la nyumbani linachukua kazi ya kiwanda. Unga wa mchele ukitwangwa au kusagwa nyumbani una punje za kila ukubwa, na vileja havina maji ya kuzilainisha: ni samli, sukari na yai kidogo. Chenga ya mchele iliyofunikwa na samli haipati maji ya kuvimba tanuuni, inatoka ngumu kama ilivyoingia. Ndiyo ile mikwaruzo ya mchanga. Osha mchele, uloweke saa 2 hadi 4, uchuje, utandaze juu ya kitambaa mpaka usiache maji kwenye kiganja. Mchele uliolowa hunywa maji karibu robo ya uzito wake, ndiyo sababu husagika laini, na ndiyo sababu pia unga wake huziba chekeche dogo papo hapo. Basi pitisha kwanza kwenye tundu la 0.85 ukiwa bado na unyevu, rudisha chenga kwenye kinu au mashine, kisha anika unga juani au uukaange kwa moto mdogo mpaka ukauke, uache upoe, ndipo uupitishe kwenye tundu la 0.4. Zile chenga za mwisho zisizokubali kulainika hazipotei, zitie kwenye uji.

Kikombe kinavyodanganywa

Kikombe cha kupimia cha mililita 250 kikichotwa moja kwa moja ndani ya pakiti hubeba takriban gramu 150 za unga wa ngano. Ukijazwa kwa kijiko polepole, kama gramu 130. Ukichekechewa ndani, gramu 115 hadi 120. Kwa maelezo ya vikombe 4, tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ni gramu 120 hadi 140, yaani kikombe kizima cha unga uliochekechwa. Keki ikawa kavu na imepasuka juu, na lawama zikaenda kwenye tanuri.

Soma sentensi ya maelezo kwa makini. "Vikombe 2 vya unga uliochekechwa" maana yake chekecha kwanza, pima baadaye. "Vikombe 2 vya unga, uchekeche" maana yake pima kwanza. Maelezo mengi ya mdomo hayasemi, na katika hali hiyo muulize aliyekupa yeye huchota vipi. Mizani inaumaliza ubishi huu: kuchekecha hakubadilishi uzito, gramu 250 ni gramu 250 kabla na baada.

Vidudu

Kidudu chekundu cha unga kina urefu wa milimita 3 hadi 4, nalo chekeche la 0.85 humzuia mkubwa wake. Mayai yake hayafiki hata milimita 1, yanapita bila shida pamoja na mabuu wachanga. Kwa hiyo unga uliotolewa wadudu kwa chekeche haujawa safi, umeondolewa wanaoonekana. Wakiwa wengi hutoa majimaji yanayoubadilisha unga rangi kuelekea uwaridi na kuupa harufu kali. Unga huo haufai tena.

Kama ni unga mzima unaotaka kuulinda mapema, ufunge kwenye mfuko usiopitisha hewa uuweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4. Ukiutoa usiufungue hapo hapo. Hewa ya Mombasa ikigusa unga baridi huacha umande, nawe utakuwa umetengeneza madonge kwa mikono yako. Uache ufike joto la chumba ukiwa umefungwa, ndipo uuhamishie kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana.

Kusafisha, na wavu ukichoka

Chekeche lisioshwe kila mara. Unga ukikutana na maji ni gundi, na ndani ya wavu gundi hiyo hukauka ikawa kama saruji. Ligonge ubavuni, kisha lipigwe brashi kavu pande zote mbili. Brashi mpya ya rangi yenye upana wa sentimita 5, iliyotengwa kwa kazi hiyo, inafika kila pembe. Likilazimika kuoshwa, anza na maji baridi. Maji moto, kuanzia nyuzi joto 60 hivi, huipika wanga ikaganda kwenye matundu. Baada ya baridi ndipo sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha lianikwe juani wavu ukiangalia chini, au ndani ya tanuri lililozimwa likiwa bado na joto, ikiwa si la plastiki. Litundike mbali na sinki, lifunikwe kitambaa safi, mijusi na mende wasilifanye njia.

Wavu ukitoboka, usiuzibe kwa waya wa mbu wa madirishani. Ule wa nyuzi za glasi umepakwa plastiki ambayo haikukusudiwa chakula na huchubuka ukisuguliwa. Na kipande cha chandarua usikifikirie kabisa, kwani vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu. Kwa chekeche la duara fundi anaweza kufungua ukingo akatia wavu mpya wa chuma cha pua. La bakuli halitengenezeki. Likianza kutoa nyaya, usitegemee sumaku ya kupitisha ndani ya unga ili kuzitoa. Sumaku huenda isiukamate waya wa chuma cha pua, kwa hiyo unga wote uliochekechwa siku hiyo usiuoke.